Duka la miwani mjini Mtwara linalopima umbali wa kazi yako

Mtu aliyevuka miaka 40 na kuanza kuisogeza stakabadhi ya korosho mbali na uso ili aweze kuisoma, namshauri aende kwenye duka dogo la miwani lililopo katikati ya mji wa Mtwara, ambalo kwa upimaji wa miwani ya kusomea nimeliona bora, ingawa lina upungufu wake.

Mpimaji hakuanza na herufi za ukutani. Aliniuliza kwanza kazi yangu, kisha akapima kwa utepe umbali kati ya macho yangu na daftari la mizani ninalolijaza ghalani, na alikuwa na sababu. Konea, yaani sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, ndiyo yenye takribani theluthi mbili ya nguvu ya kupinda mwanga, lakini haibadiliki umbo. Inayojirekebisha kufuata umbali ni lenzi iliyo nyuma ya mboni, yaani tundu jeusi la katikati ya jicho. Tunapotazama kitu cha karibu, msuli unaoizunguka lenzi hujikaza, nyuzi zinazoishikilia hulegea, nayo lenzi hunenepa hata taswira ikatua sawasawa kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Umri unapoendelea lenzi hukakamaa, ikawa msuli unajikaza na lenzi haitii. Kusoma kwa sentimeta 40 hudai dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5, na kwa sentimeta 25 hudai dayopta 4, kwa hiyo karani na fundi cherehani wa rika moja hawafai kuvaa miwani ile ile.

Jambo la pili lililonifurahisha ni kwamba alipunguza taa akanisomesha upya. Wanaonunua miwani kwenye meza za barabarani huijaribu juani, ambako mboni hujibana na herufi huonekana safi hata kama lenzi ya miwani haikulingana na jicho. Jioni, chini ya balbu hafifu ya ghala, mboni hutanuka na tarakimu 3 na 8 zikafanana. (Karani akikosea hapo, anayelia ni mkulima.)

Lenzi hutoka Dar es Salaam, nazo zilichelewa kupita ahadi bila mtu kunipigia simu. Fremu ni chache, nyingi za plastiki. Kubwa zaidi, duka halichunguzi ndani ya jicho wala halimwambii mteja hivyo, ilhali presha ya macho huweza kula uwezo wa kuona bila maumivu yoyote; anayetaka uchunguzi huo aanzie kliniki ya macho hospitalini, ndipo aje hapa kutengenezewa miwani.