Bima walilipa, ila dawati lile sitalisahau

Ukiwa mgeni Kenya na unataka kulipia bima ya familia, muulize ajenti swali moja: siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali nani analipa kwanza? Wa kwetu alitusifia kadi tu.

Sisi ni wa Mwanza, tuko Kisumu kwa kazi ya mume wangu. Kadi zetu za NHIF, bima ya afya ya taifa ya Tanzania, huku hazina kazi. Mshahara wake unakatwa asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, maana mgeni akizidisha miezi 12 sheria ya Kenya inamhesabu naye, na juu ya hiyo tunalipia bima binafsi. Ukilazwa, SHA inalipa fungu lake, kampuni inamalizia. Upande mmoja ukikwama, hutoki.

Mwanetu alilazwa kwa malaria kali, mambo ya huku ziwani. Wodini sina neno. Sindano za artesunate kwa saa zake, na nesi wa usiku alimbembeleza mpaka akanywa uji. Asubuhi daktari akaturuhusu, nikashuka dawati la bima nikijua ni kutia sahihi tu.

Dada wa pale akaniambia niweke kidole. Mashine ikakataa. Akafuta kioo chake kwa mkono wa sweta, nikaweka tena, ikakataa. Akaingiza namba ya pasipoti, akaambulia patupu. Kumbe kampuni bado wana namba ya pasipoti yangu ya zamani, wakati mpya nilishawatumia na wakanijibu "imepokelewa, asante". Nikamnyooshea simu aone. Hakuitazama.

"Mama, lipa keshi, watakurudishia."

Nikauliza watarudisha lini. Akajibu huku anachapa, "Kwani kwenu hakuna hospitali?"

Jamani! Foleni nzima ikanigeukia. Mtoto yuko mgongoni, plasta ya dripu bado mkononi, naulizwa kwetu. Mimi si mtu wa kelele, lakini siku ile Kiswahili chote cha Mwanza kilinitoka. Mlinzi akasogea, akasikiliza kidogo, akarudi zake mlangoni.

Namba ya dharura ya kampuni, ile ya nyuma ya kadi, ikawa inapiga muziki. Barua ya kampuni ya kuidhinisha malipo ilifika jioni, taa zimeshawashwa. Kuangalia bili, wameongeza siku moja ya kitanda! Kitanda chenyewe tangu mchana kilikuwa na mtoto mwingine.

Nisiwaonee lakini. Kampuni ilimalizia bili yote, mfukoni haikutoka hata shilingi, na bila wao tungekuwa tunakopa kwa ndugu. Jirani ananiambia ningempeleka Russia, ndivyo watu wa hapa wanavyoiita hospitali kubwa ya rufaa. Labda. Mume wangu anasema bima nzuri ni ile inayolipa, hayo mengine ni maneno, na nikitulia naona ana hoja.

Tatizo situlii. Siku ile ya kitanda imekatwa kwenye kikomo cha mwaka, yaani pesa ya mwisho ambayo bima italipa kwa mwaka, tunachogawana watu wanne, kwa hiyo tumelipishwa uzembe wao, tena kwa pesa ambayo mmoja wetu anaweza kuihitaji kabla mwaka haujaisha. Nimeandika irudishwe kwenye kikomo. Wasiporudisha nahama, mume anune asinune.