Nilinyang'anywa fimbo ya kuvulia wadudu wakiwa juu ya maji

Nilikuwa nimepanga kumpa nyota tatu. Yule mwongozaji tuliyemkodi kule Nyeri anaujua Mto Gura, hilo silikatai. Alfajiri alikuwa mlangoni kama alivyoahidi, na njia ya msituni alitupitisha bila kubabaika. Akageuza hata mawe mtoni kunionyesha vijidudu vya mikia mitatu vinavyoishi chini yake kabla havijapata mabawa. Nilifurahi kama mtoto.

Mimi ni wa Likoni, Mombasa. Baba alinifunza kuvua kwa mshipi nikiwa na miaka saba, kwa hiyo subira ya samaki ninayo. Nililolipia ni kuona wadudu wale wakipanda juu na samaki aina ya trauti wakiwafuata, tena kwenye mto huu huu ambao mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland yaliletwa mwaka wa 1905.

Basi mchana mchana wingu likashuka, upepo ukatulia, wakaanza. Mmoja, watano, kisha mto mzima, mabawa yamesimama wima kama matanga ya ngalawa, wanachukuliwa na maji mpaka mabawa yakauke waruke. Karibu na jiwe moja jeusi pua ikachomoza, ikameza, ikazama. Tena. Tena palepale. Nikachagua chambo kidogo cha manyoya ya kijivu kinachofanana na wadudu wale, nikarusha. Kikaangukia mbali. Nikarusha tena, mkondo wa katikati ukaudaka mshipi, chambo kikaburutwa, na trauti hamli mdudu anayeburutwa. Kosa langu nililiona. Nilikuwa nakusanya mshipi nijaribu mara ya tatu, mkono ukapita begani mwangu na fimbo ikanitoka.

"Mama, hebu kaa pale kwenye jiwe. Huku hatuvui dagaa."

Mbele ya mume wangu na wageni wengine wawili! Akarusha mara moja, akampata. Akamshika kwa mikono mikavu, ile inayomvua samaki ute unaomkinga, akaninyooshea eti nipigwe naye picha. Nikakataa. Nikamwambia fimbo ile nimeikodi mimi. Akajibu kwamba wateja wanataka samaki, hawataki masomo.

Huenda wengine ndivyo wanavyotaka. Huenda ningemweleza mapema kwamba mimi nataka kujaribu mwenyewe hata nikirudi mikono mitupu. Lakini kwani hilo ni la kuelezwa? Fimbo ikiwa mkononi mwa mtu, ni yake. Niliporudishiwa, wadudu walikuwa wameshapungua, na baada ya muda mfupi maji yakalala, hakuna pua wala kiduara.

Nyota mbili basi, kwa ajili ya yale mawe ya asubuhi. Hapana. Kila nikikumbuka ule mkono begani damu inanichemka. Moja. La dagaa nitalisahau, nimeshaambiwa makubwa zaidi. Yule wa jiwe jeusi simsahau. Alikuwa samaki wangu, hata kama ni wa kumkosa.