Kliniki ya upimaji wa afya mwaloni Kayenze: huduma ya wanafunzi wa kujitolea

Nilimsindikiza mama yangu katika kliniki ya siku moja iliyofanyika karibu na mwalo wa Kayenze, mahali wavuvi wa Ziwa Victoria wanapoegesha mitumbwi, wilayani Ilemela mkoani Mwanza, ambako wanafunzi wa uuguzi na udaktari kutoka Marekani walipima afya za wakazi bila malipo wakishirikiana na wauguzi wetu. Upimaji wa shinikizo la damu ulinifurahisha kuliko yote: mama alipumzishwa kitini dakika 5, mkono ukaegemezwa mezani, na kipimo kilipozidi 140/90 hawakuharakisha kumwambia kuwa ni mgonjwa, bali walimpima tena, kisha muuguzi Mtanzania akamweleza kwa Kisukuma kwa nini anapaswa kurudia kipimo siku nyingine kabla ya kuanzishiwa dawa. Wanafunzi wale walimwamkia shikamoo kabla ya kumgusa, na heshima hiyo ilimtuliza.

Sukari ilipimwa haraka. Kasoro kubwa ilikuwa kichocho, ugonjwa unaowaandama wavuvi na akina mama wanaofua ziwani, kwa kuwa vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Hapakuwa na kipimo cha choo wala prazikwanteli, dawa ya kutibu kichocho, na waliouliza walielekezwa kituo cha afya kwa mdomo tu, bila karatasi ya rufaa. Ninawasihi waandaaji warekebishe hilo, kwani mvuvi aliyekesha ziwani si rahisi aende kupanga foleni upya na kueleza habari zake tangu mwanzo. Mama yeye alipewa kadi yenye vipimo vyake, na wiki iliyofuata mganga wa zahanati aliitumia.