Shajara mbili za Charles Dawes: uanze na ipi?

Charles G. Dawes alikuwa mwenye benki wa Chicago, Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1925 hadi 1929, na mshindi wa Nobeli ya Amani. Pia alikuwa mtu wa kuandika shajara. Ninazozilinganisha hapa ni mbili.

Ile ya Vita Kuu ya Kwanza aliitoa mwenyewe mwaka 1921. Alikuwa Ufaransa akisimamia manunuzi ya jeshi la Marekani, kwa hiyo jiandae kwa makaa ya mawe, farasi, mbao na vikao visivyokwisha. Lakini kuna safari moja ya gari na Jenerali Pershing, kamanda wa jeshi la Marekani huko Ufaransa na rafiki yake tangu walipoishi jimbo la Nebraska. Dawes alikuwa amefiwa na mwanawe aliyezama ziwani 1912. Pershing alipoteza mke na mabinti watatu kwa moto 1915. Wamekaa kimya, kila mmoja na msiba wake, na machozi yanawalenga. Hapo tajiri anasahau hesabu zake.

Ile ya miaka ya William McKinley, Rais wa Marekani kuanzia 1897 hadi 1901, ilichapishwa 1950, mwaka mmoja kabla hajafa. Humo ni kijana, anampigia debe McKinley kwenye kampeni ya urais ya 1896, kisha anakabidhiwa usimamizi wa mabenki ya kitaifa. Kwa siasa na fedha, hii ndiyo yenye nyama.

Mimi ningeanza na ya vita, hata kama itabidi kurukaruka kurasa za makaa.