Gitaa la mtumba lenye kasoro iliyofichwa: ulirudishe au udai punguzo?

Kwanza piga picha kasoro siku hiyo hiyo na usitupe boksi. Bila hivyo njia zote mbili zinakwama.

Kwa gharama, punguzo mara nyingi hushinda. Gitaa ni mzigo mkubwa, na nauli ya kulirudisha ikikuangukia wewe inaweza kuzidi bei ya matengenezo. Freti (vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) zilizolika au tundu la kuchomekea waya linalokoroma ni kazi ya kawaida: muulize fundi bei, ndipo umtajie muuzaji kiasi. Ila ukishapokea punguzo, mara nyingi dai limefungwa.

Kasoro ikiwa shingoni, kurudisha ndiko salama. Pima nafasi kati ya uzi mnene kuliko zote na freti ya 12 ukihesabu kutoka kichwani. Kwa gitaa la akustika, milimita 2.5 hivi ni sawa. Ikifika 4, na chuma cha ndani ya shingo, kile cha kurekebisha mkunjo wake, hakigeuki, punguzo dogo ni mtego. Ukilirudisha, legeza nyuzi kabla ya kulifunga kwenye boksi, na ujaze karatasi pande zote za kichwa.

Ufa wa kichwa uliogundishwa vizuri? Anayepanga kuuza baadaye alirudishe, maana bei haitapanda tena. Anayetaka la kupigia tu anaweza kubaki nalo, muuzaji akishusha bei ya kueleweka.