Nilipulizia mbolea, ukoka ukafa: uzoefu wangu na bomba hili la mgongoni

Nilitaka kutoa nyota moja niende zangu. Lakini nyota moja haimwelezi mtu kitu, nami nina ya kusema, hasa kuhusu yule kijana wa huduma kwa wateja.

Nyuma ya nyumba nina ukoka. Si mkubwa, ila nimeulea kama kitinda mimba. Bomba nililinunua kwa kazi mbili: kuua magugu yanayoota kwenye nyufa za njia ya matofali, na kuupa ukoka mbolea ya maji. Wiki za mwanzo lilinifurahisha, nisiseme uongo. Mpini wa kupampia ni mwepesi, mikanda haikati mabega, na dawa inatoka imetandazika kama upepeo uliokunjuliwa, si kama lile bomba langu la zamani lililokuwa likitema tu.

Siku moja nikapulizia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kwenye njia. Dawa hii haichagui, kila jani bichi kwake ni gugu. Kwa hiyo nilipomaliza niliosha. Narudia: NILIOSHA. Kijitabu kinasema suuza tangi mara tatu, nami nikasuuza tangi mara tatu. Nikatia maji, nikafunga, nikatikisa mpaka kiuno kikalia, nikamwaga kwa mdomo wa tangi. Maji ya mwisho yalitoka meupe kabisa.

Siku chache baadaye ikawa zamu ya mbolea. Haikuchukua muda, nikaona mstari wa njano kwenye ukoka. Kwanza nikamshuku mbwa. Lakini mbwa gani anakojoa kwa mstari ulionyooka, upana wake uleule wa dawa inavyotandazika ikitoka kwenye nozeli, kile kidomo cha mbele? Ulianzia pale pale nilipoanzia kupulizia, hapo ukoka umekauka kama makuti, halafu ukaenda ukififia hatua kwa hatua. Kufika hatua ya ishirini na kitu, ukoka ni kijani, tena umenawiri kuliko siku zote, maana huko mbolea ilikuwa imefanya kazi yake. Utadhani ulikuwa unanicheka.

Nikapiga simu. Nikaeleza kwa adabu, mwanzo hadi mwisho. Yule kijana akanyamaza kidogo, kisha: "Mzee, kwani uliliosha kwa mate?" Na nyuma yake nikasikia mtu anacheka. Nikamwambia nimefuata kijitabu chao. Akasema, "Mashine haina kosa. Na bomba la dawa ya magugu halitiwi kitu kingine, mzee, hilo kila mtu analijua." Akakata.

Kwa mate! Mimi! Nimeamka nalo, nimelala nalo.

Hasira zikanipeleka kulifungua bomba lenyewe, kipande kwa kipande. (Nilitoa presha kwanza. Usifungue kitu chochote presha ikiwa ndani, itakurukia usoni.) Ndani ya kishikio, pale unapobana ili dawa itoke, kuna chujio dogo la plastiki. Kijitabu hakilitaji popote. Nililichomoa likiwa na utelezi wa njano umeganda kwenye matundu. Halafu kuna chumba cha presha kinacholisha mpira unaopeleka dawa kwenye kishikio: nilipokigeuza kikamwaga kiasi cha nusu lita. Nusu lita! Hapo nikaelewa ule mstari. Nilikuwa nimeosha tangi, lakini dawa haikuwa kwenye tangi. Ilikuwa imekaa kwenye chumba, mpira, kishikio na nozeli, na siku ya mbolea ndiyo iliyotangulia kutoka, kwa ukali wake wote, mpaka ikaisha.

Kwa hiyo kuosha kwenyewe ni hivi, na ndivyo kijitabu kilivyopaswa kusema: tia maji lita mbili tatu, tikisa, kisha yapampu yatoke yote kwa nozeli. Rudia mara tatu. Maji hayo yapulizie palepale ulipopulizia dawa, usiyamwage kwenye mtaro. Baada ya hapo fungua nozeli na kila chujio unaloliona, na unalofichwa pia, uvisugue kwenye ndoo yake kwa mswaki wa zamani na sabuni. Nozeli ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo na kufuta midomo kwa mkono uleule. Na glavu hazivuliwi kazi ya kupulizia ikiisha, maana kuosha ndiko kunakolowesha mikono kuliko kupulizia. Ziosheni zikiwa bado mkononi, ndipo mzivue.

Niseme pia kuhusu mfuniko: ukiinama, unavujisha, na mgongo unalowa. Sasa hivi silijazi mpaka juu. Sitaki kuliongelea zaidi, nitapandwa tena na hasira.

Sasa nyota. Kwa kijitabu, sifuri. Kwa yule kijana, ningempa hasi kama ingewezekana. Kwa bomba lenyewe... linapuliza vizuri, jamani, presha yake haiyumbi. Nyota tatu. Hapana, mbili, mtu aliyeficha chujio mahali kama pale hastahili tatu.

Na kinachoniuma zaidi ya ukoka ni kwamba yule kijana, kwa lile neno lake la pili, hakukosea. Dawa ya magugu inataka bomba lake peke yake. Ningemsikia kama angeanza na hilo, akaacha mate yake.

Hili sasa nimeliandika ubavuni kwa wino mzito: MAGUGU TU. La mbolea nimenunua jingine. Ndiyo, ni aina hiihii, sikupata jingine lenye mpini mwepesi hivi. Kitu cha kwanza nilichofanya lilipofika ni kufungua kishikio nitafute chujio. Lipo palepale, na kijitabu bado hakijalitaja.