Yadi ya Ngong Road iliyonipashia injini

Ukienda kununua gari la mkononi hapa Nairobi, kabla hujauliza bei weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto na wewe ndiwe mteja wa kwanza asubuhi hiyo, kuna kitu unafichwa. Mimi nilifichwa, tena baada ya kupewa ahadi.

Nilikuwa natafuta gari la kurithi nafasi ya Corolla yangu, ile 110 ya namba za KAS. Watoto wangu wote walipelekwa shule nayo. Spea zake hazikuwahi kunisumbua, ukishuka Grogan unapata kila kitu, hata kioo cha taa ya nyuma. Ila mwisho ilikuwa ikichemka kila foleni ya Thika Road, gasketi imebadilishwa, rejeta imebadilishwa, na kutu imekula sakafu mpaka unaiona lami. Nilimuuzia mchuuzi wa mayai wa Wangige, akasema ataichomelea. Ilipokata kona nililia.

Sasa hiyo yadi. Walitangaza Toyota Fielder, gredi 4.5 ya mnada wa Japani, yaani safi sana, kilomita 61,000. Kabla fundi wangu hajaligusa walitaka shilingi 10,000 za kuonyesha nia, wakaapa kwamba nisipolipenda narudishiwa zote kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Jioni yake niliwapigia simu nikawaomba jambo moja tu: msiliwashe gari mpaka tufike. Nikawaeleza na sababu. Wakasema, "Sawa mathe, hakuna shida."

Tulifika na fundi kutoka Kariobangi wakati lango linafunguliwa. Boneti ilikuwa moto, huwezi kuacha mkono.

"Tumeipasha kidogo tu," kijana wa mauzo akasema, "asubuhi kuna baridi."

Injini ikiwa baridi ndipo inapotoa siri zake. Moshi wa bluu wa oili inayoungua unauona dakika za kwanza, na mnyororo wa injini uliolegea hulia kabla oili haijapanda. Ikishapata moto, mengi ya hayo yananyamaza. Kijana anayeuza magari kila siku analijua hilo, na mimi nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu.

Nikameza hasira, nikaomba karatasi ya mnada na cheti cha kuuza nje. Hapo ndipo alinimaliza. Hakunijibu mimi. Aligeuka kwa fundi, akacheka, akamwambia, "Mzee, mwambie mama achague rangi. Mambo ya karatasi tutaongea mimi na wewe."

Pesa ni zangu. Gari ni la kuniendesha mimi. Fundi wangu, Mungu ambariki, alimwambia, "Mwenye gari ni huyu, ongea na yeye." Hata hapo kijana alimjibu yeye.

Niseme haki: gari lenyewe tuliliendesha hadi Dagoretti Corner na kurudi, gia zikaingia laini kabisa, na fundi hakuona dalili ya ajali. Huenda lilikuwa zima. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika ukingo wote na usukani unang'aa kwa kushikwa. Kwa kilomita 61,000? Cheti cha Japani ndicho kingemaliza ubishi, maana huandikwa mita ilisoma kilomita ngapi. Wakasema kiko Mombasa. Gari limeshatoka bandarini, limeshapewa namba, cheti kimebaki Mombasa kufanya nini? Nikaondoka.

Nililopata baadaye lilikuwa Fielder pia, la namba za KC, kwa mwalimu mmoja wa Rongai. Mita yake imepita 150,000, na alinitajia mwenyewe kabla sijauliza. Alinisubiri na gari baridi, akampa fundi ufunguo, akaingia ndani kunywa chai. Lilitoa moshi mweupe mwembamba, maji tu ya baridi ya usiku, ukaisha. Nilitafuta rekodi zake kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: jina lake peke yake, hakuna benki wala sako iliyolishikilia. Uhamisho aliuanzisha kwenye simu yake, nikaukubali kwenye yangu.

Karibu nifute haya yote, kwa sababu mwenye yadi alinipigia. Mtu mzima, mpole, aliniita "dada yangu", akaomba msamaha kwa niaba ya kijana na kusema angenipunguzia bei ningerudi. Nikalainika. Nikafikiri labda ni kijana mmoja tu asiye na adabu, yadi haina makosa, watu wasiikimbie kwa sababu yangu. Nilikuwa tayari kusema nendeni, ila mkamtafute mkubwa wao moja kwa moja.

Halafu M-Pesa ikaingia: 8,500. Nikauliza zingine ziko wapi. Mzee yule yule, kwa sauti ile ile ya upole, akaniambia ni gharama za ofisi. Gharama gani? Ya petroli waliyochoma kupasha injini niliyowaomba wasiiguse?

Basi msiende. Hata gari likiwa zuri, hata mzee akiwaita dada, msiende. Na 1,500 yangu bado naidai.